Laini ya Nyumba Saba

Siku ya Jumamosi uwanja wa kiwanda cha siagi cha Nakuru haukuwa mahali pa mtu mwenye haraka. Malori ya mashamba yalifika kutoka Subukia, Solai, Njoro na Rongai, yakashusha mikebe ya krimu karibu na reli, na kila dereva alitaka yake ipokelewe kwanza kwa sababu ati bwana wake ni mkali kuliko mabwana wengine wote. Mikebe iligongana, madereva walitukanana kwa upole wa watu wanaojuana, na katikati ya zogo hilo alisimama Kipketer, karani wa kupokea, kijana mrefu wa kutoka Ravine, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, kalamu sikioni.

Kazi yake ilikuwa ya pua. Alifungua mfuniko, akainama, akanusa, akatamka: daraja la kwanza, au daraja la pili. Hakuna aliyembishia. Hata Wazungu wenyewe, wakija, walinyamaza akiinama. Na mtu akizoea kunyamaziwa hivyo huota mapembe. Kipketer alikuwa na yake, madogo, lakini yapo.

"La pili," alisema mchana ule, mwaka wa hamsini na mbili, akafunga mfuniko.

"Umenusa nini wewe?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Kipketer aliinua kichwa. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la manjano lenye vifungo vyeupe toka shingoni hadi kiunoni, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa madaha, viatu vya turubai vimepakwa chokaa vikang'aa. Mikono alikuwa ameiweka kiunoni, na hakuonekana kuwa na mpango wa kuishusha.

"Krimu ina harufu ya vitunguu," alisema Kipketer. "Ng'ombe wenu wamekula majani mabaya."

"Ng'ombe wetu hawana neno. Wewe umekula nini mchana?"

Madereva walicheka. Ubaya wa mambo ni kwamba Kipketer alikuwa ametoka tu kwenye hoteli ya Anyango kula maharagwe, na Anyango hakuwa mchoyo wa vitunguu. Alijikaza. Msichana hakusogea. Mwisho karani mzima alikwenda mferejini, akasukutua mdomo mbele ya watu, akarudi, akafungua mkebe, akanusa upya. Akakohoa kidogo.

"La kwanza," alisema.

"Asante. Na pua uiombe msamaha."

"Wewe ni wa shamba gani?"

"La Bwana Kofia, Subukia."

Kipketer alimkodolea macho. "Wewe ndiye 'Halo, memsahib yuko kwenye maua'?"

Hapo mikono ya msichana ilishuka. "Na wewe ndiye 'Halo, kiwanda'? Mimi siku zote nilidhani ni mzee mwenye kitambi."

Maana walikuwa wakisemezana kila asubuhi tangu msimu wa mvua bila kuonana. Baada ya kupokea krimu, kazi ya Kipketer ilikuwa kupigia mashamba simu kuwaambia daraja waliloangukia. Kwa Bwana Kofia, saa nne, memsahib, mkewe, huwa bustanini, kwa hiyo mwenye kupokea alikuwa yaya. Jina lake Wachuka. Jumamosi memsahib akija mjini na kushinda klabu, Wachuka alipanda nyuma ya lori la krimu pamoja na mikebe, akapata mchana wake mwenyewe. Mchana huo aliutumia kusoma Kiingereza kwa Mwalimu Naftaly, katika ukumbi wa kijamii kule Bondeni.

Kiingereza cha Kipketer kilikuwa kinamtosha kabisa. Siku ileile alijiandikisha.

Mwalimu Naftaly alikuwa mtu mnene, mwenye suti moja na imani moja: kwamba anayelijua neno moja mpaka ndani amemshinda anayeyajua mia juujuu. Siku ile aliandika ubaoni neno moja, LINE, akalipiga kwa chaki mpaka vumbi likaruka.

"Hili neno," alisema, "mtu akikwambia maana yake ni mstari, jua amekupa punje akabaki na gunia. Haya. Nani ana nyingine?"

Mzee mmoja wa nyuma alisema laini ni kitu kisichokwaruza, darasa likaangua kicheko, na mwalimu akasema hiyo ni ya kwetu, Waingereza tuwaachie yao. Mwingine akasema reli. Ndipo Wachuka akainua mkono.

"Kule shambani nyumba za wafanyakazi zinaitwa laini, Mwalimu. Zimepangwa moja baada ya nyingine. Mimi nimezaliwa laini."

Mwalimu alifurahi mpaka akakaa. Alisema atawapa muda, kila mtu aende akatafute katika kazi yake, neno hilo linaishi wapi na linajiitaje. Walipotoka nje, Kipketer na Wachuka walikuwa wamekwisha kuwekeana masharti: atakayefika Jumamosi bila maana mpya ananunua chai na mandazi kwa Anyango.

Na Jumamosi ilikuwa mbali mno. Mchezo ukahamia kwenye simu.

"Halo, kiwanda hapa. Krimu yenu daraja la kwanza."

"Asante, karani. Una lingine?"

"Kamba. Ile mnayoanikia nguo."

"Hilo nililiona jana nikianika soksi za Bwana Kofia. Umechelewa."

"Basi sema lako, mjuaji."

"Mpaka. Bwana Kofia na jirani wanagombania mpaka wa shamba, na kila mmoja anasema line, line, mpaka mate yanaruka."

Siku nyingine Kipketer alileta safu, kwa kuwa aliwaona askari wakipangwa uwanjani. Wachuka akaleta makunyanzi: memsahib alijitazama kwenye kioo akalalamika kwamba ana lines chini ya macho. Kipketer akasema yeye atayasubiri ya Wachuka kwa hamu, ayajue moja moja yanavyoingia. Wachuka akamwambia aache upuuzi, maziwa yanachemka. Lakini hakuweka simu, na maziwa yakafurika.

"Leo ninalo kubwa," alisema Kipketer asubuhi moja. "Ukoo. Mwalimu anasema baba, babu, babu yake babu, hiyo nayo ni line."

"Basi yangu ni fupi. Baba aliletwa shamba hili akiwa mgongoni kwa mama yake. Nyuma ya hapo sijui chochote."

"Tutairefusha kwa mbele."

Kule Subukia kitu cha bati kilianguka sakafuni.

"Karani."

"Naam."

"Huko ndiko kunitongoza kwa Kiingereza?"

"Hapana. Kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha Mwalimu."

Alicheka, na kile kicheko Kipketer alitembea nacho siku nzima kiwandani, akanusa mikebe yote huku anatabasamu, hata mkebe wa mtu wa Rongai uliokuwa umeoza waziwazi. Alimpenda. Hakukuwa na njia ya kulizunguka jambo hilo. Jumamosi moja, kwa Anyango, vikombe vimekwisha na hakuna anayetaka kuinuka, alimwambia hivyo, na Wachuka akasema, "Nilijua tangu uliposukutua mdomo," akamshika mkono chini ya meza.

Hiyo ilikuwa Jumamosi yao ya mwisho mjini. Oktoba ilipofika serikali ilitangaza hali ya hatari, kwa kuwa Wakikuyu walikuwa wameanza kupigania ardhi yao. Kipketer aliendelea kutembea atakavyo, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa Ravine. Wachuka alikuwa Mkikuyu, na Wakikuyu wa mashambani walikatazwa kutoka bila cheti cha bwana. Bwana Kofia hakutoa vyeti kwa ajili ya chai ya Anyango. Ikabaki simu peke yake.

"Lini utakuja?" Kipketer aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nikija huko?"

"Uje umwambie nani nini? Wanashika hata watu wanaokwenda kutembelea mama zao. Niambie neno, mpenzi. Usiniambie mambo ya kuja."

Akamwambia neno. Foleni, kwa sababu siku hizo kulikuwa na foleni kila mahali. Na kila siku baada ya hapo neno, na jingine, hata yakianza kurudiarudia. Halikuwa somo tena. Lilikuwa jambo pekee walilobakiwa nalo la kupeana.

Kuelekea Krismasi Kipketer aliona kitu kilichomnyima usingizi. Sauti ya Wachuka ilikuwa inafifia. Wiki hii kidogo, wiki ijayo zaidi, kama mtu anayezungumza huku anarudi nyuma.

"Sema kwa nguvu, kipenzi."

"Nasema kwa nguvu."

"Mbona sikusikii kama zamani?"

"Sijui," alisema. Lakini alivyosema, ilionyesha anajua.

Na baada ya mwaka mpya ikawa zaidi ya kufifia. Kipketer alipiga simu, akatoa daraja, akasubiri.

"Asante. Nitamwambia memsahib," ilisema sauti ndogo ya mbali.

"Wachuka, ni mimi."

"Nimesikia. La kwanza. Kwaheri."

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Kipketer alifikiri yote ambayo mwanamume hufikiri. Amepata mwingine. Wazazi wake wamekataa mtu wa kabila lingine. Amemchoka yeye na pua yake. Alikasirika, kisha akanywea, kisha akafanya jambo ambalo ni bora mtu afanye akiwa peke yake chumbani: alimsihi kwenye simu.

"Nipe moja tu," alisema. "Nimekosa nini? Au niyaseme mimi yote? Kamba. Mpaka. Safu. Reli. Foleni. Wachuka, umesahau? Mpaka, safu, reli..."

"Naomba usipige tena," alisema Wachuka, na simu ikakatika.

Aliyemfumbua macho ni mzee Nyongesa, dereva wa lori la Bwana Kofia, siku chache baadaye. Nyongesa alishusha mikebe kimya, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akamvuta Kipketer pembeni ya lori.

"Kijana, yale maneno mliyokuwa mkiambiana na yule msichana yalikuwa ya nini?"

"Maneno gani? Umeyajuaje?"

"Kila mtu anayajua. Polisi wamemchukua tangu juzi. Wanasema ana lugha ya siri, anapokea habari za wapiganaji wa msituni kwa simu. Mpaka, safu, reli. Mtu akisikia hivyo siku hizi, afikiri nini?"

Kipketer alimshika mzee mkono. "Nani alisikia? Yule mwanamke wa posta anayeunganisha simu?"

Nyongesa alimtazama kwa huruma, kwa vile alimwona kweli hajui. "Wewe ni mtu wa mjini. Simu yenu hapa ni yenu. Kule Subukia laini ni moja, nyumba saba. Kengele ikilia inalia kwa wote. Mbili ndefu na moja fupi ni ya Bwana Kofia, lakini nani anamkataza jirani kuinua yake? Memsahib Kasuku wa shamba la juu hana kazi nyingine. Akaanza yeye, akawaambia wenzake kuna kijana na msichana wanachekesha kila saa nne. Wakawa wanawasikiliza wote. Mwanzoni kwa kicheko. Baada ya Oktoba, si kwa kicheko."

"Na Wachuka alijua?"

"Aligundua. Wakiinua wengi sauti inapungua nguvu, wanagawana. Mtu wa shamba anajua hilo. Ikififia, jua mna wageni."

Basi hicho ndicho kilichoifanya sauti ififie. Kipketer alikaa juu ya mkebe, koti lake jeupe likagusa grisi, hakulijali. Alikuwa amesikia idadi ya masikio akadhani anasikia mapenzi ya mtu yakipungua. Na Wachuka, alipokuwa akimjibu kwa ukali, alikuwa akimziba mdomo wasije wakamchukua na yeye. Naye Kipketer akafungua mdomo akayataja yote, tena mara mbili, mbele ya Subukia nzima.

Hakulala. Asubuhi alimwendea Mwalimu Naftaly, na Mwalimu akavaa ile suti, wakaenda pamoja kwa afisa wa polisi. Walimkuta Mzungu kijana, nywele rangi ya mahindi, meza imejaa. Walitegemea kufokewa. Hawakufokewa. Afisa aliwapa viti, akasikiliza kisa chote toka vitunguu hadi ukoo, na walipofika kwenye soksi za Bwana Kofia alicheka.

"Mmesahau moja," alisema kwa Kiswahili chake cha kubabaika. "Uzi wa kuvulia samaki. Mimi nilivua na babu yangu, kwetu."

"Hilo hatukulifikia, bwana," alisema Mwalimu.

"Mimi naamini ninyi. Msichana alisema hivyohivyo, hakubadilisha hata neno, na jina la karani alikataa kutoa. Nimeachilia yeye jana. Yeye iko shambani."

Kipketer alishika ukingo wa meza. Angeweza kumkumbatia yule kijana.

"Lakini Alhamisi wanaondoka," afisa aliendelea, akirudisha macho kwenye karatasi zake. "Wakikuyu wote wa shamba lile na mashamba ya jirani. Wanarudishwa kwao."

"Kwa sababu ya maneno yetu?"

"Hapana. Ninyi hata mngenyamaza, wangeondoka. Amri ilikuwa tayari."

"Kuna kosa gani, bwana? Niambie kosa, tuje tuliombee msamaha."

"Hakuna kosa. Wote wanaondoka. Mimi hapana weza kufanya kitu." Na alionekana kusema kweli, hilo ndilo lililomchoma Kipketer. Njia nzima ya kurudi alitamani lingekuwa ni kosa lake. Kosa lina mlango wa kubisha. Hili halikuwa na mlango.

Alhamisi mzee Nyongesa alileta krimu mapema kuliko siku zote, kwa sababu lori lilikuwa linatakiwa. Alishusha mkebe mmoja tu.

"Nichukue," alisema Kipketer.

"Barabara imefungwa. Askari wako pale kwenye mteremko, wanageuza kila mtu. Hata mimi wananihesabu nikipanda na nikishuka."

"Nitajificha chini ya turubai."

"Wakikupata watakuacha wewe, na watampiga nani? Tumia akili, kijana." Nyongesa aliwasha gari, akakaa kidogo mikono juu ya usukani. "Una ujumbe?"

Kipketer alifungua mdomo. Ujumbe gani unampa dereva?

"Mwambie nimejua kuhusu laini," alisema mwisho.

Lori likaondoka. Aliingia ofisini, akaitazama simu. Alijua akipiga kengele italia nyumba saba, na askari huenda wamejaa pale sebuleni. Kuokoa hawezi, kufika hawezi, hata kuaga hawezi. Meneja alikuwa ndani kwenye mashine. Nje mikebe ilisubiri pua yake. Akakaa tu.

Saa nne simu ililia yenyewe.

"Kiwanda?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mbali sana.

"Wachuka."

"Nisikilize. Memsahib yuko ghalani na askari, nimetumwa kuchukua koti lake. Nyongesa amenipa maneno yako."

"Wanasikiliza," Kipketer alinong'ona. "Wote wanasikiliza."

"Najua, nasikia wanavyopumua. Ndiyo maana nilikuwa nakujibu vile. Ulidhani nimekuchoka?"

"Nilidhani."

"Mjinga wewe." Sauti ilikatika kidogo, ikarudi. "Mjinga wangu. Nilikuwa nikiweka simu naenda stoo ya viazi nalia mpaka macho yanavimba. Leo sijali. Waache wasikie. Hamjambo, memsahib wote?"

Upepo wa waya ulivuma.

"Huyu ni Kipketer wa kiwandani," aliendelea Wachuka, kwa adabu ileile aliyopokelea simu za watu siku zote. "Mnamjua, mmemsikiliza tangu mwaka jana. Maneno yalikuwa ya shule. Yaliyobaki yalikuwa mapenzi, na hayo mngeuliza tungewaambia."

Ikasikika ta, kitu kidogo cha chuma. Mtu mmoja alikuwa ameweka simu yake. Na sauti ya Wachuka ikapanda.

"Umesikia?" alisema. "Mmoja ameona haya."

"Nimesikia. Wachuka, nataka kukuoa. Sikutaka kusema hivi, nilitaka kuja na wazee wa kwetu, nikae chini mbele ya baba yako..."

"Baba ameketi juu ya sanduku uani, ameshika kuku aliyekatazwa kwenda naye. Sema kwangu tu."

"Nataka kukuoa."

Ta. Na tena, ta.

"Nimekubali," alisema Wachuka, na sasa sauti yake ilikuwa karibu nzima, ile ya zamani, ya soksi na maziwa. "Waliobaki ni mashahidi. Wakiulizwa wasije wakasema hawakusikia."

Ta.

"Mnapelekwa wapi?"

"Wanasema kwetu, Fort Hall, huko Ukikuyuni. Baba amewauliza kwetu ni wapi, kijiji gani, kwa nani. Hawajui. Na baba mwenyewe hajui, Kipketer. Kwetu ni hapa. Hata mti mmoja wa huko siujui."

"Nitakuja kukutafuta."

"Utauliza nani?"

"Nitauliza kila mtu."

"Uliza, basi. Sema Wachuka wa laini, wa Subukia. Labda kuna mtu atakuwa amenisikia." Alivuta pumzi. "Ninaogopa."

"Na mimi."

"Vizuri. Ningekuwa naogopa peke yangu ningekasirika."

Ta, kwa mara ya mwisho, na wote wakawa wameondoka. Hakukuwa na mtu kati yao sasa. Alimsikia akimeza mate. Alisikia kitambaa cha gauni kikigusa ukuta, na angeapa lilikuwa lile la manjano. Alikuwa karibu kuliko alivyokuwa kwa Anyango, meza ikiwa katikati, na Kipketer hakuwa na neno hata moja, yeye aliyekuwa na mengi.

Honi ililia kule, ndefu.

"Naitwa."

"Usiweke simu."

"Siweki."

Mkono wa simu ukagonga ukuta, ukabembea, ukagonga tena. Nyayo za viatu vya turubai zikaenda. Mlango. Kipketer alibana simu sikioni mpaka ikamwuma. Alisikia mbwa, na watoto, na mtu akiita majina kwa Kiingereza na watu wakiitikia mmoja baada ya mwingine. Alitega sikio asikie la Wachuka. Upepo ulivuma wakati huo, akalikosa. Kisha injini, moja, na nyingine, zikashika gia, zikapanda kilima, na kwa muda mrefu akawa hana hakika kama bado anazisikia au anazikumbuka.

Viatu vilikuja, vizito, vya mtu asiye na haraka. Simu iliinuliwa.

"Halo?" Ilikuwa memsahib, sauti kavu imechoka. "Nani yuko kwenye laini?"

Kipketer alitazama dirishani. Mkebe wa Bwana Kofia ulikuwa palepale Nyongesa alipouacha, jua limeufikia.

"Ni kiwanda cha siagi, memsahib," alisema. "Krimu yenu ya leo ni daraja la kwanza."

Hakuwa hata ameufungua mfuniko.